Hatua ya Kwanza: Piga Nyumbani

Marahaba, marahaba nyote. Mmenisalimia vizuri kwenye barua yenu na mimi nimeitikia. Sasa ondoeni mikono kwenye kibodi mpaka nimalize, maana nawajua vijana: mtu anasoma kwa jicho moja, na kwa jingine anagusa asichoambiwa aguse.

Mnasema mlipokuwa mnahamisha ofisi ya Mchafukoge mmekuta daftari langu, lile la jalada gumu jeusi, na humo mmesoma orodha ya hatua za kubadilisha mipangilio ya seva kwa njia ya simu bila kuizima. Hatua zote mmezielewa isipokuwa ya kwanza. Ya kwanza imeandikwa hivi: Piga nyumbani, muulize mama kuna neno gani. Mmoja wenu amedhani ni nywila ya siri. Mwingine kasema bibi alikuwa anajichekesha. Hapana, wanangu, sikuwa najichekesha. Niliiandika kwa sababu, na nitawaambia ni ipi, ila mnivumilie, mimi sijui kufika Kariakoo bila kuzungukia Upanga.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mwoga, na huo uoga ndio ulionipa kazi. Nilikuwa mpiga teleksi katika shirika moja la umma. Zikaja zile enzi za ruksa, maduka yakajaa vitu, mashirika yakauzwa, na mimi nikapewa barua ya kupunguzwa kazi pamoja na wenzangu wote wa ghorofa yetu. Barua ilikuja ndani ya bahasha ya kaki, na tangu siku hiyo bahasha za namna hiyo niliziogopa. Nilikaa nyumbani Kariakoo miezi mingi, mimi na mama yangu katika vyumba vyetu viwili vya uani, nikiuza maandazi na kuogopa kila mtu anayebisha hodi.

Ndipo nikasikia kuna Bwana Ramnik anatafuta mtu anayejua kupiga chapa. Baba yake aliuza vitambaa. Yeye, milango ya biashara ilipofunguliwa, aliacha vitambaa akaanza kuleta kompyuta na kuzihudumia. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge. Alinipa karatasi niipige chapa, nikaipiga bila kuangalia vidole, akasema asante, tutakuita. Ilikuwa jioni ya kufunga, akaniomba nifunge mlango kwa vile mikono yake imejaa mafaili. Nikafunga. Nikashuka ngazi mbili, nikarudi kutikisa kitasa. Nikashuka mpaka chini, nikapanda tena kukitikisa mara ya pili. Yeye amesimama tu ananitazama.

"Bi Tabu," akasema, "uje Jumatatu. Mtu asiyeliamini kufuli lake mwenyewe ndiye ninayemtafuta."

Mteja wetu mkubwa alikuwa hospitali moja ya binafsi kule Upanga, jina lake naliacha. Walikuwa na mashine moja katika kijichumba kando ya maabara, na mashine hiyo ndiyo iliyohudumia skrini zote: mapokezi, malipo, wodini, famasi, maabara, thieta. Nyie mna mashine kumi zinazosaidiana, moja ikichoka nyingine inapokea. Sisi tulikuwa na hiyo moja. Ikizimwa, ilichukua dakika ishirini kuamka, maana ilikuwa inahesabu mafaili yake yote kwanza, na kwa dakika hizo ishirini hospitali nzima ilikuwa haina macho.

Mipangilio yake ilikuwa ni karatasi ya maagizo tu: hudumia skrini ngapi kwa mara moja, kila skrini ipewe kumbukumbu kiasi gani, mtu akikaa kimya dakika ngapi umtoe. Lakini hospitali inakua, na maagizo ya mwaka jana hayatoshi mwaka huu. Kwa hiyo ilibidi tuyabadilishe mashine ikiwa kazini, kama kubadilisha figa sufuria ikiwa inachemka. Na tuliyabadilisha tukiwa tumekaa Mchafukoge, kupitia waya wa simu na modemu iliyolia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Bwana Ramnik alinifundisha mambo matatu, na kila moja nililijua baada ya kuumia.

La kwanza: andika kilichopo kabla hujaandika unachotaka. Ndiyo asili ya lile daftari. Alilithamini kuliko mashine yenyewe. Ilipofika Diwali, siku wafanyabiashara wa kwao wanapoviombea vitabu vya biashara, aliliweka daftari letu katikati ya vitabu vyake, akalitia alama nyekundu kwa kidole na ua la manjano juu. Mkiliangalia vizuri jalada mtaiona alama bado. Yeye akaomba kwake, mimi nikasema bismillahi kwangu, seva ikapata dua za pande mbili. Na bado ikagoma Alhamisi iliyofuata.

La pili: usifunge mlango ufunguo ukiwa ndani. Siku moja niliambiwa niiagize seva iwe inakata laini za simu zilizokaa kimya zaidi ya dakika kumi. Nikaandika kumi, ile moja ikakataa kushika, ikabaki sifuri peke yake, sikuangalia, nikabonyeza. Seva ikaelewa kwamba kila anayeingia kwa simu akatwe papo hapo. Aliyeingia kwa simu ni nani? Ni mimi peke yangu. Nikapiga, ikanikata. Nikapiga, ikanikata. Bwana Ramnik hakunigombeza, alinipa mwavuli wake tu, akanionyesha mlango, nikatembea mpaka Upanga na jua la saa saba kwenda kurekebisha tarakimu moja.

La tatu aliliita kamba. Kabla hujagusa chochote, unaiachia seva agizo la pembeni: baada ya dakika kumi na tano, rudisha mipangilio ya zamani wewe mwenyewe, isipokuwa nikikuambia usirudishe. Ukiharibu, ukijifungia nje, laini ikikatika, wewe subiri tu, kamba itakuvuta. Kazi ikienda vizuri, unaifungua. Siku hizi mna majina makubwa ya jambo hili, nimeyasikia. Hamjamshinda Bwana Ramnik.

Sasa tuje kwenye bipu. Nyie wa vifurushi mnacheka, lakini simu za mkononi zilipoingia, dakika moja ya kuongea ilikuwa ghali. Kwa hiyo watu tukajifunza kubipu: unapiga, ikilia mara moja unakata, hulipi kitu, na uliyembipu anajua mwenyewe maana yake. Mkuu wa maabara wa ile hospitali, Abeid, mtu mpole na msahaulifu kidogo, alikuwa na simu ya mkononi. Kila tulipobadilisha mipangilio, yeye alikaa mbele ya skrini yake kutuangalizia. Tukapatana: mambo yakiwa sawa kwake, atabipu simu yetu ya mezani mara moja, maana yake endelea. Yakiharibika, atapiga kweli na kuiacha ilie.

"Kwa nini tulipie neno ndiyo?" Bwana Ramnik alisema, na akafurahi siku nzima kwa kulivumbua hilo.

Ilifanya kazi zaidi ya mwaka, nasi tukalewa. Simu yetu ya mezani, iliyokuwa na laini yake mbali na ile ya modemu, haikuwa na kioo cha kuonyesha nani anapiga. Hatukuona ubaya wake.

Mama yangu naye alijua kubipu. Pale kwetu Kariakoo kulikuwa na duka la kona la Mzee Awadhi, Mwarabu mtaratibu, mwenye simu juu ya kaunta. Kupiga ulilipa, lakini wazee aliwaachia wabipu bure. Mama alikuwa na presha, na mimi ndiye mtoto wake pekee mjini, kwa hiyo nilimwambia: ukinihitaji, nibipu ofisini, nami nitapiga dukani. Akabipu kwa presha, akabipu kwa chumvi iliyoisha, akabipu kwa kuniuliza kama nimekula. Nisipopiga, alisubiri dakika chache akabipu tena, kama watu wote walivyofanya. Siku za kubadilisha mipangilio nilikuwa namwambia asubuhi: mama, leo usinibipu. Akasema haya, akatulia.

Jumatano hiyo sikumwambia.

Nilitoka nyumbani nikiwa na hofu. Hospitali ilikuwa imefungua jengo jipya, skrini nane zimeongezwa, na seva iliruhusu skrini kumi na sita tu. Watu wa jengo jipya walikuwa wanasubiri wenzao watoke ndipo waingie, manesi wanalia, mkubwa wa hospitali amempigia simu Bwana Ramnik kwa maneno makali. Mimi ndiye niliyetakiwa kuongeza idadi, na kuongeza nikiwa peke yangu, kwa sababu Bwana Ramnik alikuwa bandarini akihangaika kutoa kontena la mashine zake. Njia nzima nilikuwa nahesabu hatua kwa vidole. Mama aliniita nyuma yangu, nikainua mkono bila kugeuka.

Kulikuwa na makosa mengine mawili, na yote yangu. Moja: orodha ya skrini. Kila skrini ilikuwa na namba, na desturi yangu ilikuwa kwenda kwa miguu chumba kwa chumba kuandika namba hii ni ya nani. Jengo jipya sikulitembelea. Mvua ilinyesha siku niliyopanga kwenda, nikasema nitakwenda wiki ijayo. La pili: maabara ilikuwa imewekewa programu mpya ya damu, nzito, inayokula kumbukumbu mara tatu ya ile ya zamani, na mimi nikapiga hesabu kwa ile ya zamani. Tena wiki tatu kabla tulikuwa tumelistaafisha daftari la karatasi la maabara, kwa soda na makofi. Kila kitu sasa kiko kwenye skrini, tukasema.

Saa nne na nusu nikaingia Upanga kwa modemu. Nikaandika kilichopo. Nikafunga kamba. Nikaongeza idadi toka kumi na sita hadi ishirini, nikaiambia seva isome upya, nikakaa kumngojea Abeid huku mikono nimeikalia.

Simu ya mezani ikalia mara moja, ikakata.

Nikamshukuru Mungu. Nikaongeza toka ishirini hadi thelathini. Wale waliokuwa wanasubiri wote wakaingia kwa mpigo, niliwaona kwenye orodha wakipanda. Nikangoja. Dakika moja, mbili, tatu. Simu ikalia mara moja, ikakata.

Nikafungua kamba.

Nilikuwa nanyanyuka kwenda kuchemsha chai simu ilipolia tena. Ikalia mara ya pili. Ya tatu. Ilipofika ya nne nilikaa tena nikaipokea bila kutaka, kwa sababu siku zile hakuna aliyelipia simu kukupa habari njema.

"Dada Tabu, umefanya nini? Skrini zangu zimeganda zote!"

"Si umenibipu?"

"Sijakubipu mimi! Niko dirishani hapa natafuta mtandao dakika nzima, leo humu ndani haushiki!"

"Umenibipu mara mbili, Abeid."

"Wallahi sijakubipu. Dada, nisikilize. Kuna mama yuko thieta, kajifungua, damu haikati. Chupa zake mbili za damu nimeshazilinganisha, ziko kwenye friji. Friji limejaa chupa za watu. Namba za chupa zake ziko kwenye skrini, na skrini haisogei."

"Huzikumbuki?"

"Nazikumbuka kidogo. Unataka nimtie mtu damu ya kidogo?"

Nikamuuliza kama anaweza kupima upya. Akasema msaidizi wake ameshaanza, ni zaidi ya nusu saa, na daktari amesema nusu saa hiyo haipo.

Wanangu, nimeogopa mara nyingi maishani, lakini ule haukuwa uoga wa kutikisa vitasa. Nilisikia baridi kuanzia kwenye nywele. Mtu nisiyemjua alikuwa amelala kwenye meza ya Upanga na mimi ndiye niliyemkalia mlangoni. Ningeiacha kamba, ingekuwa imebaki dakika chache ijivute yenyewe. Nilikuwa nimeifungua kwa mkono wangu.

Jambo moja tu nilikuwa nalo: laini yangu ya modemu ilikuwa bado imeshika. Ningeikata, nisingepata nafasi ya kuingia tena. Kwa hiyo sikio moja Abeid, na vidole kwenye kibodi, na kila herufi niliyobonyeza ilitokea baada ya kuhesabu mpaka kumi. Mashine ilikuwa imeshiba mpaka pumzi haipiti. Nikairudisha karatasi ya zamani, lakini haikuwa na nafasi hata ya kuisoma. Ilibidi nitoe watu kwanza.

Nikafungua daftari. Namba tano, malipo. Nikawatoa, na sikuwaonea huruma. Namba tisa, stoo. Namba mbili na tatu, mapokezi. Nasikia kupitia simu ya Abeid watu wanapiga kelele korido nzima. Mashine ikasogea kidogo, ikakwama tena. Waliokuwa wameijaza ni wale wapya, namba kumi na saba mpaka ishirini na nne, na katika daftari langu mbele ya kila namba kulikuwa kweupe.

"Abeid, thieta wanatumia skrini ya jengo jipya?"

"Ndiyo. Na ombi la chupa ya tatu liko humo, wamelijaza nusu. Usiwatoe hao!"

"Ni namba ngapi?"

"Mimi nitajuaje, dada? Si wewe ndiye unayejua namba?"

Kweli, mimi ndiye niliyetakiwa kujua, na nilikimbia mvua. Nikafumba macho. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye orodha yangu kila skrini ilikuwa na hesabu ndogo pembeni, inayopanda mtu akibonyeza kitu.

"Mwambie sista wa thieta abonyeze herufi A. Abonyeze asiache."

"A?"

"A, kaka, A! Hata kama haionekani, abonyeze!"

Nikamsikia anakimbia, viatu vinapiga sakafu, anapiga yowe kule mbele: sista, A, A! Nikaikodolea macho orodha. Hakuna. Hakuna. Halafu hesabu ya namba ishirini na moja ikaruka, ikaruka tena. Nikaweka kidole juu ya kioo pale pale kwenye ishirini na moja, nikakiacha hapo, nisije nikakosea. Na kwa mkono uliobaki nikawatoa wengine: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, nikairuka ile, nikaendelea mpaka ishirini na nne. Walikuwa watu wenye kazi zao, na mpaka leo naomba radhi zao.

Mashine ikapumua. Nikaiambia isome karatasi ya zamani. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

"Abeid?"

Viatu vikarudi mbio.

"Abeid!"

"Imefunguka," akasema, na nikasikia simu inawekwa chini juu ya kitu kigumu, mlango wa friji, kisha miguu ikienda mbio. Tangu alipopiga zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Simu yake ikaishiwa salio, ikakata.

Nilikaa hapo. Mikono imelowa jasho mpaka daftari limeshika alama ya kiganja, mtaiona kwenye ukurasa ule. Dakika zikapita, sijui ngapi. Halafu simu ya mezani ikalia mara moja, ikakata.

Bipu. Ya nani? Maana yake nini? Mwanamke mzima, nilisimama katikati ya ofisi nikaizunguka simu ile kama ina nyoka. Kisha nikafanya nilichotakiwa kufanya tangu asubuhi: nikapiga hospitali, kwa pesa za ofisi, nikaomba maabara.

"Chupa zimeingia," Abeid akasema. Alikuwa anahema. "Yupo. Daktari anasema yupo."

"Umenibipu sasa hivi?"

"Dada Tabu, mimi leo sijambipu mtu yeyote."

Hapo ndipo nilipojua. Nikapiga dukani kwa Mzee Awadhi. Akasema kwa upole wake, "Huyu hapa, amekaa kwenye kigoda toka asubuhi." Mama akachukua simu.

"Tabu, mbona nabipu hupigi? Nimepata samaki, changu wazuri. Nilitaka kujua tuwapike nazi au niwakaange."

Nataka niwaambie kwamba nilicheka. Sikucheka. Hofu yote ile ilikuwa imeniganda kifuani na haikuwa na pa kwenda, ikatoka kwa mama yangu. Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la vitenge chini akatazama juu.

"Mama, usinipigie tena kazini! Usibipu, usipige, mpaka mtu afe! Umenisikia? Mpaka mtu afe!"

Nasikia Mzee Awadhi anapima sukari.

"Haya, mwanangu," akasema.

Jioni nikakuta changu wa nazi. Tukala. Niliona aibu, na neno la kuomba radhi nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza na tonge. Nikasema nitamwambia kesho.

Bwana Ramnik aliporudi kutoka bandarini nilimweleza kila kitu, nikisubiri bahasha ya kaki. Alisikiliza amesimama. Akaomba daftari, akachukua kalamu, akaandika kwa mkono wake: Bipu si jibu. Akalifunga.

"Kuanzia leo," akasema, na ilimuuma mpaka mifupani, "tunalipia ndiyo."

Maabara wakalirudisha daftari lao la karatasi, mimi nikatembea jengo jipya chumba kwa chumba, kumbukumbu ya mashine ikaongezwa, na wiki mbili baadaye tukapandisha idadi taratibu, namuuliza Abeid kwa sauti na yeye ananijibu kwa sauti. Miaka ikaenda. Ikaja mashine ya pili, ukawa unabadilisha moja huku nyingine inabeba watu. Ukaja mtandao wa intaneti, modemu ikanyamaza. Bei ya kuongea ikashuka, nikamnunulia mama simu ya mkononi yake mwenyewe, nikamwekea humo namba yangu iwe ya kwanza kabisa. Alikuwa anaipenda. Alimpigia shangazi Tanga, aliwapigia watu wa msibani. Mimi kazini hakunipigia hata siku moja, nami kwa ujinga wangu nikaona raha kwamba mama kaelewa.

Kesho ile ya kumwomba radhi haikufika. Si kwamba nilikataa. Nilisahau tu, kama mtu anavyosahau kufungua kamba ya kazi iliyokwisha.

Ilikuwa masika. Siku hiyo sikuwa nabadilisha mipangilio yoyote. Sikuwa nafanya lolote la maana, nilikunywa chai, nikasoma gazeti, nikamtania Bwana Ramnik kuhusu miwani yake mipya. Nikarudi nyumbani jioni. Uani nikakuta majirani wamesimama, na ndani mama kalazwa kwenye godoro chini, uso umempauka. Aliteleza kwenye sakafu ya uani saa tatu asubuhi. Nyonga ilikuwa imevunjika. Walitaka kumpeleka hospitali, akakataa, akasema Tabu atakuja.

"Tangu saa tatu?" nikamgeukia Mama Zawadi, jirani wa chumba cha mbele. "Mbona hamkunipigia?"

Mama Zawadi alikuwa analia. "Simu anayo mwenyewe. Tumemwomba, kaing'ang'ania. Hakutaka kabisa."

Nikapiga magoti. Simu ilikuwa ndani ya ngumi yake, joto, na kwenye kioo salio lipo. Nikamuuliza mama kwa nini.

"Ulisema mpaka mtu afe," akaniambia. Hakuwa na kinyongo, alikuwa ananieleza tu, kama mtu aliyefuata maagizo vizuri. "Mimi sijafa, mwanangu. Nikaogopa utakuwa unabadilisha mashine."

Usiku ule alilazwa hospitali, nyonga ikaungwa, akaishi miaka kadhaa baada ya hapo, na mkongojo wake na ubishi wake. Radhi nilimwomba pale pale sakafuni, mbele ya majirani, na akacheka na kusema yeye hata hakumbuki kama niligomba. Alikumbuka. Aliyeyakumbuka maneno yangu neno kwa neno miaka yote ile asingesahau sauti.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini, nikafungua daftari, nikafuta namba za hatua zote nikazisogeza chini moja moja, ndiyo maana mmeona pamekwaruzwa. Juu nikaandika ile mliyoniuliza. Na tangu siku hiyo, kabla ya kuandika kilichopo, kabla ya kufunga kamba, Bwana Ramnik amesimama mlangoni na mteja anapiga kelele, mimi nilikuwa kwanza napiga nyumbani.

"Mama, naanza kazi. Kuna neno gani?"

Alikuwa anapokea kabla haijalia mara ya pili. Nasikia mkongojo wake unagonga huku na huku kama kweli anakagua, chumvi, mafuta, mguu wake, mlango. Halafu ananijibu.

"Hakuna neno, mwanangu. Endelea."

Nami naendelea.